Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama wote wa chama chetu cha wazee, Arua, Uganda, mwaka 2025

Salam aleikum, na Bwana asifiwe kwa wote. Wazee wangu, mama zangu, na nyinyi wajukuu mnaowasomea wazee hii taarifa kwenye simu, naomba msome polepole na kwa sauti, mkifika kwenye mambo ya kitambulisho rudieni mara mbili.

Nianze na pole. Mwaka huu tumezika wenzetu na majina yao katibu atayasoma siku ya mkutano mkuu, tutasimama, alafu tutaendelea. Mfuko wa mazishi umefanya kazi yake, kila familia ilipata blanketi, sukari, unga na pesa ya kuni, hakuna aliyerudi mikono mitupu, asanteni sana kwa michango. Hesabu kamili iko kwa mweka hazina, daftari liko wazi, mwanachama yeyote akitaka kuona aende tu aone.

Sasa nataka nikae kwenye jambo moja ambalo limetuchukulia mwaka mzima, nalo ni miaka yetu kwenye karatasi. Mnajua wote pesa ya SAGE, ile serikali inayowapa wazee, ni shilingi 25,000 kwa mwezi, haijapanda kwa miaka mingi. Kwa nchi nzima anayeandikwa ni mtu aliyefikisha miaka 80, hivo ndio imekuwa tangu mwaka wa fedha wa 2020/21 mpango ulipofika distrikti zote. Wenzetu wa Nebbi na Zombo walikuwa kwenye majaribio kwa hiyo wao waliandikwa kuanzia 65, na kule Karamoja hata 60, na walioandikwa wakati ule hawakutolewa. Sisi barabara ni ile ile, soko ni lile lile, mtu anapanda gari hapa anashuka Nebbi anakuta mdogo wake anapokea na yeye mkubwa hapokei, inauma na sioni haya kusema inauma. Lakini kabla hatujaanza kulia na serikali kuhusu hiyo 80 kuna wenzetu ambao wameshapita 80 zamani na bado hawapokei, sababu kitambulisho cha taifa kinasema wana 71 au 74.

Ilitokea vipi, wengi wenu mnaijua sana. Watu wa rika letu hatukuandikwa siku ya kuzaliwa, na yule aliyekuwa na kadi ya ubatizo au tiketi ya kodi ya baba yake aliipoteza 1979 na 1980 tulipokimbia Kongo na Sudan, nani alibeba karatasi wakati anabeba watoto? Kwa hiyo ile 2014 uandikishaji ulipofika mtu aliulizwa mwaka akataja wowote tu, au mtoto wake akamtajia, ikaandikwa hivo. Hakuna aliyejua kwamba namba ile moja ndio itakuja kuamua kama atapata kitu au hapati.

Mama mmoja wa upande wa Tanganyika, mtaa wa hapa hapa Arua, mwanachama wetu wa tangu mwanzo, kitambulisho kilimpa miaka 72. Kamati ikakaa naye chini ya mwembe tukamuuliza habari za maisha yake. Uhuru, tarehe 9 Oktoba 1962, ulikuwa wapi? Akasema nilikuwa nimeolewa, nina mtoto wa kwanza mgongoni, tukaenda kutazama bendera. Sasa pigeni hesabu wenyewe, anayefikisha 80 mwaka huu amezaliwa 1945, maana yake siku ya uhuru alikuwa na miaka 17. Kwa ile 72 ya kitambulisho mama huyu angekuwa na miaka 9 na mtoto mgongoni, haiwezekani! Tukamtafutia barua ya LC1, yaani baraza la kijiji, tukapata mzee wa kanisa anayekumbuka ubatizo wake, akaapa kiapo mbele ya kamishna wa viapo, faili likaenda. Lilikaa, likarudi, likaenda tena. Amefariki mwezi wa tisa na jibu halijatoka. Nimeandika hii kwa idhini ya watoto wake, na ninaiandika sababu sitaki mwingine apite njia hiyo hiyo wakati sisi tupo.

Kwa hiyo mtindo ule wa kuuliza tumeufanya kazi ya kila mwezi. Tunauliza wakati wanajeshi wanarudi kutoka vita ya Hitla ulikuwa unatembea? Uhuru ulikuwa na umri gani? Amin alipochukua serikali Januari 1971 mtoto wako mkubwa alikuwa darasa la ngapi? Majibu yanaandikwa, watu wawili wa rika moja wanathibitisha, alafu ndio tunaenda kwa LC. Ukienda na hadithi tu bila karatasi ya pembeni unarudishwa, na ukienda na karatasi ambayo hailingani na umri wa watoto wako unarudishwa pia, kwa hiyo muwe wakweli, tafadhali. Kuna waliotuomba tuwaongezee miaka ili wafike 80, tumekataa na tutaendelea kukataa, sababu jina moja la uongo likikamatwa majina yote ya chama yatatiliwa shaka.

Na hapa hapa niseme kuhusu zoezi la NIRA, ofisi ya serikali ya vitambulisho, la kufanya vitambulisho upya lililoanza mwezi wa tano. Kufanya upya kitambulisho kilichoisha muda ni bure, narudia BURE. Kilichopotea ndio kina ada ya 50,000. Kuna vijana wanazunguka wanajiita maajenti wanaomba wazee elfu kumi, elfu ishirini "ya kusukuma jina", msiwape, mkiwaona piga simu kwa katibu. Safari hii wanapiga na picha ya jicho, hiyo kwetu ni nafuu kubwa maana vidole vya mtu aliyelima miaka sitini vimelika, mashine haivisomi. Kile cha zamani usikitupe mpaka kipya kiwe mkononi.

Tukija kwenye siasa. Najua wengine wanasema chama cha wazee kisiingie siasa. Kuingia upande wa chama fulani hapana, na kamati yetu ina watu wa rangi zote, njano, nyekundu, bluu, na tunakula sahani moja. Lakini siasa ya viti vyetu wenyewe tukiiacha nani ataishika? Katiba ya 1995 kwenye malengo ya taifa inasema dola itaweka utaratibu wa kuwatunza wazee. Alafu sheria ya Baraza la Taifa la Wazee ikapita 2013, na tangu Bunge la 11 la mwaka 2021 wazee wana wabunge watano, mmoja kila kanda na mama mmoja wa nchi nzima. Kwenye mabaraza ya sabukaunti, divisheni na distrikti tuna madiwani wawili, mwanaume na mwanamke. Viti vipo.

Shida ni kwamba wabunge hao mimi na wewe hatuwapigii kura moja kwa moja siku ile ya wote. Ngazi inaanzia kijijini, kamati ya wazee ya kijiji inazaa ya parishi, ya parishi inazaa ya sabukaunti, mpaka juu kwa wajumbe wanaowachagua. Sasa mwaka huu uchaguzi wa kamati za kijiji ulipofika kuna vijiji wazee walijaa, nawapongeza sana watu wa Ayivu, na kuna vijiji hapa mjini kati walifika watu wa kuhesabu kwa vidole, wengine walikuwa wamekaa nyumbani wanasikiliza redio. Aliyechaguliwa pale na watu wachache ndio anatusemea miaka mitano. Si mtu mbaya, lakini hajui shida zetu sababu hatukwenda kumwambia. Kamati mpya itawaita madiwani wetu wawili kila miezi mitatu waje wakae nasi, na kila mwanachama awe na jina la mwenyekiti wa wazee wa kijiji chake, ukiulizwa usiseme simjui.

Tangu mwisho wa Septemba kampeni zimeanza wagombea wanapita. Wanaleta sabuni, wanaleta chumvi, wanawapiga picha wazee wakicheza ngoma. Pokeeni au msipokee, hiyo ni juu ya kila mtu, ila tumekubaliana kwenye kikao kwamba kila mgombea akija kwetu anaulizwa maswali yale yale na majibu yanaandikwa kwenye daftari na tarehe: utafanya nini umri wa SAGE ushuke kutoka 80, utafanya nini 25,000 iongezwe maana haifiki hata wiki mbili, na wazee wakienda hospitali ya serikali kupima presha na sukari watapata dawa au wataandikiwa tu wakanunue? Matibabu kwenye hospitali za serikali ni bure tangu 2001 lakini bure bila dawa mnaijua ilivyo. Wagombea kadhaa wameshajibu, wengine walikasirika. Daftari tunalo na tutalifungua tena mwaka ujao.

Kura yenyewe ni Alhamisi tarehe 15 Januari 2026, vituo vinafunguliwa saa moja asubuhi mpaka saa kumi jioni. Nendeni asubuhi kabla jua halijawa kali. Mzee hapangi foleni, anapelekwa mbele, ukinyamaza nyuma ya mstari hakuna atakayejua, kwa hiyo sema. Asiyeona vizuri au mkono unatetemeka anaruhusiwa kusaidiwa na mtu anayemchagua yeye, si anayechaguliwa na ajenti wa mgombea, kwa hiyo panga mapema ni mjukuu gani unayemwamini. Watu wa boda wawili wamejitolea kubeba wasioweza kutembea na hawabebi kwa jina la chama chochote, tumewaambia wasivae hata kofia ya mgombea.

Mambo mengine kwa haraka. Nesi wetu wa kujitolea ameendelea kupima presha kila mkutano, Mungu ambariki. Wenye miaka 60 mpaka 79 ambao SAGE haiwahusu, iko ruzuku ya serikali ya makundi ya wazee kwa biashara, si mkopo, kundi letu la kina mama wa karanga limeshaandika maombi kupitia afisa maendeleo ya jamii wa divisheni. Na PDM, ule mpango wa serikali wa maendeleo ya parishi, pia wazee wamo, pale ni mkopo wa milioni 1 kwa asilimia 6 kwa mwaka, ila tafadhali usichukue kwa jina lako kumchukulia mtoto wa kiume ambaye keshapanga kununua pikipiki, tumeona yaliyotokea. Namba ya siri ya simu na ya kadi ya malipo usimpe mtu kwa kuwa tu anajua kubonyeza, omba akae karibu akuelekeze, ubonyeze mwenyewe.

Mkutano mkuu ni Jumamosi ya mwisho ya Januari, uwanja ule ule, saa tatu. Kila mmoja aje na kitambulisho, kadi ya ubatizo au ya ndoa kama ipo, na majina ya watoto wote na miaka yao, wakubwa kwa wadogo. Wasioweza kufika watume mtu na nakala tu, karatasi yenyewe ibaki nyumbani.

Mwenyekiti wenu,
Arua, Desemba 2025