Uongozi wa AMCOS usifungiwe kabatini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo ambalo sisi wakulima wa korosho wa Newala hulijadili kwa ukali wakati wa minada na kulisahau msimu ukiisha, nalo ni namna tunavyowapata na kuwaandaa viongozi wa vyama vyetu vya msingi vya ushirika, yaani AMCOS.

Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze kutumika katika korosho msimu wa 2007/2008, AMCOS ndiyo mlango ambao korosho ya mkulima hupitia. Hapo hupimwa, hupangwa daraja na kuandikwa, kisha husafirishwa hadi ghala kuu kusubiri mnada wa chama kikuu. Na fedha zinaporudi, makato hutolewa kwanza ndipo mkulima alipwe. Kazi kubwa namna hii, katika vijiji vingi, hubebwa na watu wawili au watatu.

Misimu michache iliyopita katibu wa chama chetu aliugua mwezi Novemba, korosho zikiwa zinamiminika ghalani. Hakuwa mwizi, tena alikuwa mchapakazi, lakini kwa miaka mingi alikuwa ameshika kila kitu peke yake. Alipolazwa, mwenyekiti hakuweza kuoanisha daftari la mapokezi na stakabadhi, na wajumbe wa bodi hawakujua hata ufunguo wa kabati uko kwa nani. Tulikaa wiki kadhaa bila malipo, na baadhi ya majirani zangu, wakihitaji fedha za sare na madaftari ya watoto, waliuza korosho zilizobaki nyumbani kwa kangomba, yaani wanunuzi wasio rasmi, kwa bei ya kuhuzunisha. Kosa hilo lilikuwa letu pia, kwa kuwa kila msimu tulikubali abaki yeye kwa sababu “ndiye anayejua”, wala hatukuuliza nani mwingine anafundishwa.

Mwenyekiti tuliyemchagua baadaye, mama ambaye hapo awali hakuwahi kushika cheo chochote, alianza na jambo dogo. Kila jioni ya kupima, jumla ya kilo hubandikwa ukutani mwa ghala, na baada ya kila mnada hubandikwa bei pamoja na makato yote, moja moja. Vijana wawili waliomaliza kidato cha nne huketi na katibu wakijifunza kuandika vitabu. Gharama yake ni karatasi na gundi, na ugomvi wa unyaufu, yaani kilo zinazopungua korosho zikikauka, uliokuwa ukitufikisha kwa mtendaji wa kijiji kila msimu, umepungua sana.

Najua wapo wanaosema kwamba ukaguzi wa COASCO, shirika la serikali linalokagua hesabu za vyama vya ushirika, unatosha. Ukaguzi huo ni wa lazima na ninauheshimu, lakini mkaguzi hukuta mambo yamekwisha kutokea, ilhali mkulima anahitaji kujua hesabu yake jioni ile ile aliyopima.

Kwa hiyo ninawaomba maafisa ushirika wa Mtwara na Lindi wasitufikie tu pale ugomvi unapolipuka. Waje mwezi Aprili au Mei, kabla hatujaanza kupuliza salfa, dawa ya mikorosho, wakati watu wana nafasi ya kukaa na kusikiliza, wawafundishe wajumbe wote wa bodi kusoma vitabu vya chama, na wadai kila katibu awe na mtu anayejifunza kazi yake.

Mwanachama wa AMCOS,
Newala, Mtwara