Barua ya malalamiko: wakili mliyemtangaza hatujampata

Shangani,
Mtwara.
10 Februari 2025

Wakili Msimamizi,
Dar es Salaam.

YAH: KUTOPEWA WAKILI MZOEFU WA NISHATI NA MUUNGANO WA KAMPUNI TULIYEMLIPIA

Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mkurugenzi wa kampuni yenye vituo viwili vya mafuta, kimoja Mtwara mjini na kingine Masasi. Mwezi Septemba mwaka jana nilifika ofisini kwenu kumfuata mtu mmoja. Mlikuwa mmetangaza kwamba mmempata wakili aliyefanya kazi za nishati na muungano wa kampuni kwa zaidi ya miaka 15, na pale mapokezi nilipewa karatasi yenye picha yake. Nilikaa naye kama dakika 40. Aliniuliza mambo matatu ambayo sikuwahi kuulizwa na wakili yeyote: matangi yaliyofukiwa chini yana umri gani, leseni za EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, zimeandikwa kwa jina la nani, na mauzo ya kampuni zote mbili yakijumlishwa yanafika kiasi gani. Nilitoka pale moyo umetulia. Siku hiyohiyo nikasaini barua ya makubaliano, na kesho yake nikawalipa shilingi milioni 12, ambayo ni nusu ya ada.

Tangu siku ile sijamwona tena wala kusikia sauti yake.

Naomba mwelewe jambo lenyewe lina uzito gani kwetu. Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipoleta mvua, barabara ya Dar es Salaam ilikatika pale Somanga. Mwenzangu wa Lindi, mzee mwenye vituo viwili na maboza matatu, alikuwa amepakia mafuta Dar na magari yake yakabaki ng'ambo. Sisi tulikuwa na mzigo ulioshushwa hapa bandari ya Mtwara. Tukampelekea. Kwa siku zile watu wa Lindi walipata dizeli na petroli kutoka kwetu, na mimi na mzee tukaanza kuulizana kwa nini tunafanya kazi hii kila mtu kivyake. Hapo ndipo wazo la kuungana lilipozaliwa. Kampuni yetu ichukue asilimia 60 ya hisa za kampuni yake, yeye abaki na 40, na watoto wake wawili waendelee na kazi. Tulitaka jambo hili likamilike kabla ya msimu wa korosho kwisha. Anayeishi huku anajua, Oktoba hadi Desemba malori yanateremka kutoka Newala, Tandahimba na Masasi usiku na mchana, na kituo kisicho na mafuta wiki moja kimepoteza wateja wa mwaka mzima.

Msimu umekwisha. Rasimu ya kwanza ya mkataba tuliletewa Januari.

Tarehe 23 Januari tulikaa Lindi, nyumbani kwa mzee, barazani. Ofisi yenu ilimtuma wakili kijana. Simlaumu hata kidogo. Alikuja kwa adabu, alisalimia wazee, na alipoulizwa alichokuwa hakijui alisema hakijui. Lakini alituambia mwenyewe kwamba muungano huu ndio wa kwanza kwake, na kwamba rasimu hakuiandika yeye, alipewa aje nayo. Mzee alivaa miwani yake akaanza kusoma ukurasa kwa ukurasa, kidole kikifuata mstari. Alipofika ukurasa wa 14 alisimama. Paliandikwa kwamba muuzaji anathibitisha kuwa leseni yake ya uchimbaji wa madini ni halali na haina deni. Akanigeuzia karatasi akasema, "Mwanangu, mimi sitasaini mahali panaposema nina mgodi." Kijana aliinamisha kichwa. Mimi nilitamani ardhi inimeze, kwa sababu wakili yule nilimleta mimi, na mzee alikuwa ameniamini.

Kosa la madini lilionekana kwa macho, na naamini mtalisahihisha kwa dakika tano. Yaliyonikosesha usingizi ni mawili mengine, ambayo mtu asiyeijua kazi hii angeyapita bila kuyaona.

La kwanza liko kifungu cha 6. Kinasema siku ya kusaini ndiyo siku hisa zinapohama na sisi tunapokabidhiwa funguo za vituo na maboza. Hakuna neno juu ya Tume ya Ushindani. Chini ya Sheria ya Ushindani Na. 8 ya 2003, kampuni zinazoungana, zikifika kiwango kilichowekwa, lazima ziipe Tume taarifa na kusubiri ruhusa kabla ya kukamilisha. Kiwango hicho, kwa amri ya 2017, ni shilingi bilioni 3.5 kwa kujumlisha mauzo au mali za pande zote. Biashara ya mafuta ina faida nyembamba lakini mauzo yake ni makubwa. Boza moja likijaa na kuuzwa ni mamilioni ya shilingi, na sisi wawili kiwango hicho tumekipita. Wakili wenu mwandamizi alilijua hilo, ndiyo maana aliniuliza mauzo siku ya kwanza kabisa. Anayekiuka sheria ile anaweza kupigwa faini ya asilimia 5 hadi 10 ya mauzo yake ya mwaka. Ya mauzo, siyo ya faida. Kwa mwenye kituo cha mafuta faini kama hiyo ni kufunga milango. Laiti tungesaini Lindi siku ile kama tulivyokuwa tumekusudia, tungekuwa tumevunja sheria kwa mkataba ulioandikwa na mawakili wetu wenyewe.

Na EWURA vilevile hawakutajwa. Leseni ya kuuza mafuta haibebwi mfukoni kama simu. Mwenye kituo akibadilika, mdhibiti lazima ajue na akubali.

La pili ni matangi. Kituo kimoja cha mzee kina matangi yaliyofukiwa miaka ya tisini, na bondeni chini yake kuna visima ambavyo watu wanachota maji ya kunywa. Mzee mwenyewe ndiye aliyeuliza: kama tangi limekuwa likivuja kidogokidogo kabla hatujaungana, na likagundulika baadaye, nani atalipa? Nani atachimbua udongo, nani atawapelekea majirani maji? Nilifurahi kwamba aliuliza, maana angeweza kunyamaza na mzigo ukanidondokea mimi. Rasimu yenye kurasa 31 haikuwa na jibu. Haikudai tangi lipimwe, haikudai cheti cha NEMC, baraza la taifa la mazingira, haikugusa pampu kama zimehakikiwa na Wakala wa Vipimo, wala mafuta yaliyomo kama yana vinasaba, yaani alama inayoonyesha yamelipiwa kodi. Hayo ndiyo mambo ya mkataba wa nishati. Kwa karatasi ya kuuziana hisa tu, nisingevuka Rufiji kumtafuta wakili. Mtwara hapa wapo mawakili wazuri na ada yao ni robo ya yenu.

Baada ya kikao kile nilipiga simu ofisini kwenu mara sita ndani ya siku nne. Mara zote niliambiwa wakili mwandamizi yuko kwenye kikao. Tarehe 30 Januari nikaletewa ankara ya shilingi milioni 7, na ndani yake kuna saa 11 zilizoandikwa kwa jina lake kuwa "mapitio ya rasimu". Kama kweli aliipitia rasimu ile kwa saa 11, basi aliyeniuliza habari za matangi mwezi Septemba ni mtu mwingine. Mimi siamini hivyo. Naamini hajaiona, na jina lake limetumika kupandisha bei ya kazi asiyoifanya. Nayaandika haya nikijua uzito wake, na niko tayari kuyarudia mbele ya yeyote.

Ninachoomba ni hiki. Wakili niliyekutana naye, huyohuyo, aichukue kazi hii kwa mkono wake na aje Lindi kukaa na mzee kabla ya mwisho wa mwezi huu. Akija, aje na rasimu mpya ambayo haihamishi hata hisa moja kabla ya ruhusa ya Tume, na inayosema wazi mzigo wa matangi ni wa nani. Aje pia na maelezo ya kodi, kwa sababu umiliki unapobadilika kwa zaidi ya nusu Sheria ya Kodi ya Mapato ina la kusema, na sitaki tulijue siku TRA watakapobisha hodi. Nauli na malazi yake nitalipa. Yule kijana naye aje, ajifunze akiwa pembeni ya mkubwa wake. Alistahili hivyo tangu mwanzo.

Kama wakili huyo hawezi kupatikana, niambieni kwa maandishi, mnirudishie shilingi milioni 9 kati ya zile 12, na mnikabidhi jalada lote pamoja na nakala za leseni na hati za viwanja tulizowaachia. Hati za mzee hasa, kwa sababu alizitoa sandukuni kwa ahadi yangu. Ankara ya milioni 7 siilipi kwa hali yoyote mpaka mtakaponionyesha nani alifanya nini, siku gani.

Nasubiri jibu ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii. Zikipita bila jibu, nitayapeleka malalamiko haya kwenye Kamati ya Mawakili, pamoja na ile karatasi yenye picha niliyopewa mapokezi, barua ya makubaliano inayomtaja wakili huyo kwa jina, na ukurasa wa 14.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mkurugenzi Mtendaji

Nakala: Mbia wetu, Lindi.
Viambatisho: Barua ya makubaliano, risiti ya malipo ya shilingi milioni 12, ankara ya 30 Januari, rasimu ya mkataba, kifungu cha 6 na ukurasa wa 14.