Kura 375 za Maryland: barua kwa shoga yangu

Baltimore, Maryland
Novemba 1

Shoga yangu,

Assalaam aleikum. Sisi huku wazima, ila baridi ndiyo imeshabisha hodi na watoto hawataki kuvaa masweta. Mama naye vipi na ile miguu yake? Mwambie dawa ya kuchua nimempa mtu anayekuja Mombasa mwezi huu huu, asije akasema nimemsahau.

Sasa nije kwenye ule ubishi wenu. Kwenye sauti uliyonitumia unasema haki ya mtu haifai kupelekwa kwenye kura, na mumeo anasema la, katiba ni ya wananchi, waachwe waamue. Kisha mkanifanya mimi kadhi, eti kwa kuwa ndiye niliye Marekani! Haya. Hukumu sina haraka nayo, lakini kisa ninacho, tena cha hapa hapa ninapokaa. Na leo ndiyo siku yake. Novemba 1, 1864, watumwa wa Maryland waliachwa huru kwa katiba iliyopigiwa kura na wananchi, na vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, Kaskazini na Kusini, bado vinapiganwa.

Najua mumeo ataruka hapo aseme watumwa walishaachwa huru na Rais Lincoln mwaka uliotangulia. Ndivyo tulivyofundishwa shule. Lakini tangazo la Lincoln la Januari 1, 1863 liliyagusa maeneo ya Kusini yaliyoasi tu. Maryland haikuasi, ilibaki upande wa serikali, na zawadi yake ikawa kuachiwa watumwa wake. Sensa ya 1860 iliwahesabu 87,189. Weusi waliokuwa huru walikuwa 83,942. Ukiwajumlisha, robo nzima ya watu wa jimbo.

Na usidhani bunge la jimbo lingeweza kukaa tu likapitisha sheria. Katiba yao ya 1851 ilisema wazi kwamba bunge lisitunge sheria ya kuvunja uhusiano wa bwana na mtumwa. Mlango ulikuwa umepigwa kufuli kwa ndani. Ilibidi kubadilisha katiba yenyewe, na katiba ya jimbo hili haibadilishwi bila wapiga kura kuulizwa. Basi wakachagua wajumbe 96, wakakutana Annapolis kuanzia mwisho wa Aprili hadi mwanzo wa Septemba 1864. Mwezi wa Juni wakaipitisha Ibara ya 24 kwa kura 53 dhidi ya 27: kuanzia sasa hakuna utumwa katika jimbo hili, isipokuwa adhabu kwa aliyehukumiwa kwa kosa, na wote wanaoshikiliwa kama watumwa wametangazwa kuwa huru. Mabwana wakadai fidia. Walikuwa na mfano wa karibu, kwa sababu mwaka 1862 mjini Washington serikali ililipa hadi dola 300 kwa kila kichwa. Wajumbe wakakataa, na kukataa kwenyewe wakakuandika ndani ya katiba ili bunge lijalo lisije likalegea.

Halafu ikaja kura yenyewe, Oktoba 12 na 13. Hapa ndipo nataka utulie, wewe uliyesomea sheria.

Wenye kupiga kura walikuwa wanaume weupe waliotimiza miaka 21. Hakuna mweusi, awe huru awe mtumwa. Hata wale weusi wa Maryland waliokuwa wamevaa sare na kupigana hawakuulizwa. Mwanamke ndiyo usiseme. Na huyo mwanamume mweupe naye kabla hajatia karatasi yake aliapishwa kwamba hajawahi kuwasaidia wala kuwatia moyo waasi, kwa tendo wala kwa neno. Sasa fikiria kijiji cha Kusini mwa Maryland, kila nyumba ina mtoto au mpwa aliyevuka kwenda kupigania upande wa pili. Nani ataapa kwamba hajawahi kusema hata neno moja? Wako walioapa hivyo hivyo, na wako waliobaki nyumbani.

Pamoja na kiapo hicho, katiba ikaangushwa. Kura za nyumbani, yaani za miji na kaunti zote, zilikuwa 27,541 za ndiyo na 29,536 za hapana. Imeshindwa kwa kura 1,995. Wewe unakumbuka kura ya katiba yetu ya Kenya 2010, ile kijani ya ndiyo na nyekundu ya hapana, tulivyokesha na redio? Wenye watumwa wa Pwani ya Mashariki ya Maryland walikuwa na kila sababu ya kulala wakiwa wameshashinda.

Ila kulikuwa na kura nyingine njiani. Katiba mpya ile ile ilikuwa imesema kwamba askari wa Maryland walioko vitani watapiga kura huko huko kambini. Kura zao zikaanza kuingia kidogo kidogo, kikosi baada ya kikosi. Zilipojumlishwa: ndiyo 2,633, hapana 263. Zitie kwenye zile za nyumbani upate 30,174 kwa 29,799. Ndiyo imeshinda kwa kura 375.

Watu 87,000 na ushei, kwa kura 375! Nimezijumlisha mwenyewe kwa kalamu, maana sikuamini.

Unaona tatizo lilipo? Haki ya askari kupiga kura akiwa kambini haikuwa kwenye katiba ya 1851. Ilikuwa kwenye katiba mpya, ambayo bado haijapita. Ndiyo kusema katiba ambayo haijazaliwa iliwapa watu ruhusa ya kuizaa. Ni sawa na kubadilisha sheria za mpira wakati mpira uko hewani. Wala si kwamba majimbo mengine hayakuliona jambo hili. Kule Pennsylvania, mwaka 1862, mahakama kuu ya jimbo ilizifuta kura za askari kwa kuwa katiba ilimtaka mtu apige kura mtaani kwake. Pennsylvania wakafuata njia ndefu: wakairekebisha katiba kwanza, wananchi wakaipigia kura Agosti 2, 1864, ndipo askari wakaruhusiwa. New York walifanya hivyo Machi mwaka ule ule. Maryland hawakuwa na subira hiyo, wakafanya yote kwa pamoja.

Bila shaka mtu alikwenda mahakamani. Anaitwa Samuel Miles. Aliiomba mahakama imwamuru Gavana Augustus Bradford asizihesabu kura za askari. Kesi ikafika hadi Mahakama ya Rufani ya jimbo, na Miles akashindwa. Lakini soma walivyomshinda: mahakama haikusema kwamba kura zile ni halali. Ilisema kuzipokea na kuzihesabu ni kazi aliyopewa Gavana, na mahakama haiwezi kumwingilia. Majaji waliutazama moto, wakapita kando. Oktoba 29 Bradford akatangaza matokeo, na katiba ikaanza kufanya kazi Novemba 1.

Kuna jambo moja siwezi kulinyamazia ingawa halina uzito wowote wa kisheria. Roger Taney, jaji mkuu wa Marekani, yule aliyeandika mwaka 1857 katika kesi ya Dred Scott kwamba mtu mweusi hawezi kuwa raia, alikuwa mwenyeji wa Maryland. Alikufa Oktoba 12, 1864, siku ile ile ya kwanza ya kupiga kura. Mtunzi wa riwaya angeandika hivyo ungemwambia anazidisha chumvi.

Basi unataka nikupe hukumu. Kwa sheria kavu, naona Miles alikuwa na hoja, na nzuri. Kura zilizoleta ushindi zilipigwa kwa kanuni ambayo haikuwa imepata nguvu. Lakini mwambie Miles naye anijibu: ile kanuni ya zamani ilipata wapi nguvu ya kumfanya mtu mali? Nani katika wale 87,189 aliulizwa mwaka 1851? Ndiyo maana niko upande wako, ila si kwa sababu ulizotoa. Wewe unasema wengi watawaonea wachache. Mimi naona pale wengi hawakuwahi hata kuonekana. Ilikuwa ni mabwana na jirani zao wanahesabiana vidole, na wenye jambo lao wamesimama nje wakisubiri kuambiwa.

Na mambo hayakuishia kwenye kura. Kulikuwa na binti kule kaunti ya Talbot, huko huko alikozaliwa Frederick Douglass, yule mtumwa aliyetoroka akawa mpinzani mashuhuri wa utumwa. Jina lake Elizabeth Turner. Aliachwa huru Novemba 1 kama wenzake. Siku mbili baadaye akaandikishwa kuwa mwanagenzi wa nani? Wa yule yule aliyekuwa bwana wake. Mahakama za mayatima za kaunti zilifanya hivyo kwa watoto weusi kwa maelfu, kwa kisingizio kwamba wazazi wao hawana uwezo wa kuwalea. Nimeusoma mkataba wa aina hiyo ulivyokuwa. Mwanagenzi mweupe lazima afundishwe kusoma, kuandika na hesabu. Wa Elizabeth haukuwa na hayo. Angefundishwa kazi ya utumishi wa nyumbani, kana kwamba alikuwa haijui. Na sheria ilimhesabu kuwa mali ya anayemshikilia, ambaye angeweza kumhamishia mtu mwingine. Mtoto wa watu ameingia huru Jumanne, Alhamisi yuko jikoni kwa bwana wake, sasa kwa karatasi. Ilichukua karibu miaka mitatu, hadi Oktoba 1867, Jaji Mkuu Salmon Chase alipoketi Baltimore na kuamua kwamba huo ni utumwa kwa jina jingine, akamwachilia.

Kwa hiyo mumeo akikwambia kura ilimaliza mambo, mpe habari za Elizabeth.

Lakini sehemu inayonikera kuliko zote ni hii. Mwaka huo huo wa 1867, watu wa Maryland waliandika katiba nyingine, ambayo ndiyo inayotumika hadi leo. Wale waliozuiliwa na kiapo walikuwa wamesharudi kwenye kura. Utumwa hawakuweza kuurudisha, kwa sababu Katiba ya Marekani yenyewe ilikwisha kuupiga marufuku mwaka 1865. Walichofanya ni kuichukua Ibara ya 24, namba ile ile, wakaiandika upya: utumwa hautarudishwa katika jimbo hili, lakini kwa kuwa uliondolewa kwa sera na mamlaka ya Marekani, Marekani inadaiwa fidia.

Umeona walivyoruka? Kwa sera na mamlaka ya Marekani! Zile kura 30,174 hazimo. Kambi za askari hazimo. Jimbo lililoweka watu wake huru kwa mkono wake mwenyewe miaka mitatu nyuma, sasa linasema si mimi, ni serikali kuu, nilipeni. Tumezoea watu kujivunia wasichokitenda. Hawa walikana jema lao ili wapate pesa, na pesa zenyewe hawakuzipata.

Sasa nakurudishia kazi, wakili. Ungekuwa jaji wa rufani ile Oktoba 1864, Miles amesimama mbele yako na Gavana ana karatasi za askari mkononi, ungeandika nini? Usinijibu kwa sauti ya dakika mbili ukiwa kwenye matatu. Niandikie, na mumeo aandike yake mbali, msinakiliane.

Wasalimie wote, na Mama mwambie dawa apake jioni tu, asipake akitoka juani.

Ni mimi shogayo