Yule mama hakuua mbuzi wangu

Bwana Mhariri,

Mimi ni fundi wa chukudu, yale magari ya mbao ya magurudumu mawili ya kubebea mizigo, nakaa Mugunga, magharibi ya mji wa Goma. Nilihamia huku baada ya Januari 2002, volkano ya Nyiragongo ilipoteremsha moto hadi katikati ya mji na kumeza nyumba yangu pamoja na mbao zangu zote. Naomba nafasi katika gazeti lenu kwa sababu kuna neno nililolitamka mbele ya watu wengi, na neno hilo si kweli.

Mwaka 2011 nilikuwa na mbuzi wanne. Jioni moja kijana wangu aliwafunga ndani ya kibonde cha mawe ya volkano, nyuma ya shamba la mama mmoja mjane aliyeuza sambaza, wale samaki wadogo. Asubuhi tulikuta watatu wamekufa. Hakuna damu, hakuna jeraha, hata povu mdomoni hakuna. Wa nne alikuwa amesimama, anatafuna. Na siku mbili kabla, yule mama alinisimamisha njiani akaniambia: “Papa, pale usifungiye mbuzi, zitakufa.”

Kwangu mimi hakukuwa na la kuuliza tena. Ametamka, na imekuwa. Kama ni sumu au ugonjwa, mbona mmoja amepona? Nilisema amemwacha huyo kwa makusudi, ili nijue ni yeye. Nilisema hivyo ku robine, kwenye bomba la maji, wamama wakiwa wamepanga bidoni zao. Nikasema tena katika chumba cha maombi, na watu wakaomba kwa sauti dhidi yake. Wanunuzi wakaanza kupita mbele ya beseni lake bila kuuliza bei. Wajukuu wake hawakuitwa tena kucheza. Mwaka haukuisha, akafunga vitu vyake akaenda Sake.

Mazuku, yaani hewa mbaya inayotoka ardhini, neno hilo kila mtu wa huku analijua, na wataalamu wa volkano wa nchi za mbali wanaliandika hivyohivyo. Si kwamba sikuwahi kuelezwa. Radioni nilisikia mara nyingi: gesi ya kaboni inatoka ardhini, ni nzito kuliko hewa tunayovuta, usiku usio na upepo inatulia katika mabonde kama maji katika beseni, na anayeinama humo au kulala humo anakufa bila kupiga kelele. Mimi nilikuwa na jibu langu: sawa, ni hewa, lakini nani ameituma? Kwa jibu hilo niliishi miaka 11. Hakuna maelezo yaliyoweza kupita hapo, maana kila jambo jipya mlilonieleza nililigeuza kuwa chombo kingine mkononi mwa yule mama.

Mwaka 2022 mtoto wa dada yangu, anayesoma mambo ya miamba, alilala kwangu. Alfajiri alinipeleka kwenye kibonde kilekile. Hakuniambia neno. Aliwasha buji, yaani mshumaa, ndani ya kopo lililo wazi, akalifunga kamba, akaliteremsha tukiwa tumesimama juu ukingoni. Mwali ulishuka vizuri, umenyooka, maana hapakuwa na upepo hata kidogo. Ulipofika kama kimo cha goti kutoka chini, ukazimika. Haukuyumba, ulizimika tu. Akalivuta, akawasha tena, akateremsha: ukazimika palepale. Mara ya tatu kamba niliishika mimi mwenyewe. Saa nane mchana tulirudi, upepo wa ziwa unavuma, na mwali ulifika karibu na mchanga.

Ndipo nikaliona lile jiwe. Katikati ya kibonde kuna jiwe kubwa, linafika kifuani mwangu, na mbuzi wa nne alikuwa amefungwa juu yake. Nilikumbuka vizuri kwa sababu asubuhi ile ya 2011 ilibidi nilipande ili nimfungue. Yule mbuzi niliyemfanya ushahidi miaka yote alipona kwa kuwa pua yake ilikuwa juu ya hewa mbaya. Na mimi ningeweza kufa kwa kuingia mle, kama jua lisingekuwa limekwisha kupanda.

Baada ya hapo nilinyamaza karibu miaka miwili. Hili ndilo linaloniuma kuliko lile la kwanza. Kubadili mawazo si kazi ngumu kila mara. Nilipoambiwa kwamba sambaza hawakuwa wa ziwa Kivu tangu zamani, kwamba waliletwa kutoka Tanganyika kati ya 1958 na 1960, nilishangaa, nikakubali, nikaendelea kula. Wazo hilo halikuwa na mtu ndani yake. Hili lingine lilikuwa na mama mjane, na mimi pia, na watu wote waliokuwa wameniamini.

Februari 2024, watu wa Sake walipokimbia vita kuja Goma, nilisikia yuko kambini Bulengo. Nilimkuta ameketi chini ya shitingi, turubai la kambini, amezeeka, mjukuu mmoja pembeni. Nilipiga magoti juu ya mawe, nikamweleza habari ya buji na jiwe. Nikamsihi pia asiache watoto wateremke katika mabonde asubuhi na mapema, maana Bulengo nayo ina mazuku. Akanitazama muda mrefu.

“Papa, mimi nilikuambia mbele ya siku ile.”

Alikuwa amenionya. Mume wake alipoteza mbwa mahali palepale, akaona vyema kunijulisha, na mimi nikasikia kitisho. Kisha akauliza: “Na kule ku robine, umeishawaambia?”

Nilikuwa sijawaambia. Jumamosi iliyofuata nilikwenda, bidoni zikiwa zimepangwa kama kawaida, nikasema yote. Katika chumba cha maombi nilipewa dakika chache, nikasema pia. Wengine walilia. Mmoja alisema bila shaka mama huyo amenifunga akili, na nilimwelewa, kwa sababu hilo lingekuwa jibu langu mwenyewe.

Lakini wengi walionisikia 2011 wamehama, wako Himbi, Katoyi, Bukavu, wengine wamevuka mpaka. Jina lake siliandiki hapa, wao wanalijua. Ninawaomba mchapishe barua hii ili iwafikie. Na akikaa tena mahali na beseni lake la sambaza, nunueni kwake.

Fundi wa chukudu, Mugunga, Goma