Kibodi ya kesho: nani anashika na lini

Wakuu mambo vipi, kesho saa 2 usiku tunaendelea na teminali (dirisha la kuandikia amri za kompyuta) kwa tmate, programu ya kushea teminali yangu na nyinyi mtandaoni. Safari hii nabadilisha kidogo maana juzi watu watatu waliandika kwa pamoja ikawa vurugu, mmoja anafuta mwingine anabonyeza enta 😅

tmate inatoa linki za aina mbili, ya kutazama tu na ya kuandika. Hapa grupuni naweka ya kutazama tu. Ukitaka kujaribu kitu sema "naomba kibodi", nakutumia ile nyingine inboksi, unafanya yako dakika 10 hivi, halafu nafunga seshen nzima naanzisha mpya, coz ile linki haijui kwamba zamu yako imeisha, ukiwa nayo bado unaandika tu. Ndiyo mtajiunga upya kila mara, inachosha najua, vumilieni.

Na jamani anayeandika anaandika kama mimi, mafaili yangu yote anayaona, so msifowadi linki kwa mtu. Kabla sijampa mtu kibodi napiga sudo -k (amri ya kufuta ruhusa ya uadmin iliyokumbukwa) ili paswedi iombwe upya, mkiona natulia kidogo msidhani neti imekata.

Wa kwanza nani?