Barua kwa mwanangu: moyo ukienda mbio ndani ya chumba cha mtihani

Mwanangu,

Hujambo? Sisi huku hatujambo. Barua yako imefika. Unasema kwenye mtihani wa utamilifu wa Kemia ulifungua karatasi, moyo ukaanza kwenda mbio, kichwa kikawa kitupu. Ulipotoka nje majibu yakarudi yenyewe. Hapo penye kurudi ndipo nilipopata faraja. Kama yalirudi, basi ulisoma na yamo. Kilichoziba ni njia ya kuyatoa.

Akili ina kumbukumbu ndogo ya kushikilia mambo huku ukiyafanyia kazi. Ukibadili gramu kuwa moli, namba ya kwanza unaishika humo ukitafuta ya pili. Ni kama kiganja: kinabeba mayai matatu au manne, la ziada linaanguka. Sasa wazo la "nikifeli nyumbani watasemaje" nalo ni yai. Ndiyo sababu hofu huvuruga zaidi hesabu ya hatua nyingi kuliko swali la kutaja alama ya elementi.

Halafu kuna mambo ya mwili. Adrenalini, homoni ya mshtuko, hutoka papo hapo, ndiyo inayokimbiza moyo. Kotisoli, homoni nyingine ya msongo, huja taratibu na hufika kileleni kama dakika 20 hadi 30 baada ya mtu kuingiwa na hofu, na ikishapanda huzuia kukumbuka mambo uliyojifunza zamani. Fikiria basi lile kundi la mlangoni, nusu saa kabla ya mtihani, linaloulizana "titresheni umeimaliza? Nasikia inatoka!" Hofu mnayoambukizana pale inaiva wakati msimamizi anagawa karatasi. Nenda kakae peke yako chini ya mti.

Lakini fikra nazo huuongoza mwili. Katika miaka ya 1960 mwanasaikolojia Richard Lazarus na wenzake, huko Marekani, waliwaonyesha watu filamu yenye matukio ya kutisha. Picha zilikuwa zilezile kwa wote. Kilichobadilishwa ni maelezo yaliyosikika. Waliosikia maelezo ya kitaalamu, au ya kuonyesha kwamba hakuna anayeumia, miili yao ilishtuka kidogo kuliko ya waliosikia maelezo ya mateso. Kwa hiyo baina ya tukio na hisia pana tafsiri, na tafsiri unaweza kuigusa.

Wengi hukosea hapa: wanajiamrisha "tulia, usiogope." Amri hiyo ni ngumu kutiiwa, kwa sababu inautaka moyo ushuke kutoka mbio hadi mwendo wa kawaida kwa sekunde chache. Tena kujikataza wazo hulirudisha. Mwanasaikolojia Daniel Wegner alilionyesha hilo mwaka 1987 alipowaambia watu wasimfikirie dubu mweupe. Dubu akawa haondoki. Mwaka 2014 mtafiti Alison Wood Brooks wa Chuo Kikuu cha Harvard alijaribu njia nyingine. Kabla ya kuimba, kuhutubia au kufanya hesabu, baadhi ya watu walitamka kwamba wana hamu na msisimko, au waliambiwa wajaribu kuwa nao. Walifanya vizuri kuliko waliojaribu kutulia. Hofu na hamu zote zina moyo unaodunda, kwa hiyo mwili unauacha ulivyo, unabadilisha jina tu. Wewe sema kwa kunong'ona, "Nina hamu ya kuanza," kisha anza na swali unalolijua, hata likiwa la saba.

Mkono ukitetemeka mpaka huwezi kuandika, hapo tumia pumzi: vuta kwa sekunde 4, toa polepole kwa sekunde 6, mara sita. Ni dakika moja. Usipumue haraka na kwa nguvu, utapata kizunguzungu na utadhani hofu imezidi.

Utasikia pia ushauri wa kuandika wasiwasi wako kwa dakika 10 kabla ya mtihani. Utafiti wa mwaka 2011 uliusifia sana, ila watafiti wengine walipourudia hawakuiona faida ile. Ukikupa nafuu, andika. Usiutegemee.

Ninaloliamini zaidi linafanyika wakati wa prepo, mnapojisomea jioni. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tufts waligawa watu makundi mawili: wengine walisoma maneno na picha tena na tena, wengine walisoma kisha wakajipima kwa kukumbuka. Siku ya pili baadhi yao walitiwa presha. Waliorudia kusoma tu walisahau zaidi wakiwa na presha. Waliojipima kumbukumbu yao haikutetereka. Fanya hivi: soma mada dakika 20, funga daftari, chukua karatasi tupu, andika yote unayokumbuka kwa dakika 10, kisha fungua usahihishe kwa kalamu nyekundu. Kesho yake rudia bila kusoma kwanza. Utaona ni vigumu na utadhani hujui kitu, ndiyo maana wengi huacha na kurudi kukariri huku wakipaka rangi mistari. Ugumu ule ndio unaojenga njia.

Na saa nne usiku, ukiwa umechoka, usijitolee hukumu. Hisia huita kumbukumbu za rangi yake: ukiwa na huzuni, yanakujia yale uliyokosa, yale uliyopata yanajificha. "Sijui chochote" ya saa hiyo si hesabu. Hesabu ipo kwenye karatasi zako za kujipima: mada ngapi umeandika zaidi ya nusu, ngapi bado. Zihesabu asubuhi, baada ya uji.

Jumamosi matroni akikupa simu, nitajie mada tatu ulizoandika bila kufungua daftari. Anza na ile ya moli.

Mama yako