Kwa swahiba, kuhusu Larry Fitzgerald

Glendale, Arizona

Swahiba wangu mpendwa,

Salamu nyingi. Sisi huku tu wazima, joto tu ndilo linalotutesa. Barua yako nimeipata, na swali lako sikutaka kulijibu kwa mistari miwili: imekuwaje watu wa huku wamheshimu kiasi hiki Larry Fitzgerald, mtu aliyecheza futiboli ya Kimarekani miaka 17 bila kutwaa ubingwa hata mara moja?

Kwanza uijue kazi yenyewe. Katika futiboli yao hii, inayochezwa zaidi kwa mikono, kuna mmoja anayerusha, kwotabeki, na pembeni kabisa husimama wadakaji. Mdakaji hukimbia njia aliyopangiwa, amtoke beki anayemganda, afike mahali fulani kwa wakati fulani, ageuke, na mpira uwe unakuja. Ukirushwa juu mno, au mrushaji akiangushwa kabla, mbio zote zimekwenda bure. Hawezi kujirushia mwenyewe. Hilo ulishike, maana maisha yake yote ya mpira yamo humo.

Alizaliwa Minneapolis mwaka 1983. Baba yake ni mwandishi wa michezo, na kijana alipata kazi ya kuokota mipira kwa timu ya Minnesota Vikings, akiwatazama kwa karibu wadakaji wao akina Cris Carter na Randy Moss. Babu yake, daktari wa macho, alimfanyisha mazoezi ya macho tangu udogoni. Mama yake, Carol, aliyekuwa akiugua saratani ya matiti, alifariki mwaka 2003, Larry akiwa mwanafunzi Chuo Kikuu cha Pittsburgh. Alikuwa amemwahidi mama yake kwamba atamaliza shahada, na akaimaliza mwaka 2016, tayari nyota na tajiri. Mimi jambo hilo linanigusa kuliko takwimu zake zote.

Timu ya huku, Arizona Cardinals, ilimchukua mwaka 2004. Mrushaji bora aliyepata kucheza naye, Kurt Warner, alistaafu mwanzoni mwa 2010. Wakafuata Derek Anderson, John Skelton, Kevin Kolb, Ryan Lindley, huyu anaingia yule anatoka. Wengine wangenuna na kudai kuhama. Yeye mwaka 2011, Kolb na Skelton wakipokezana, akasogeza mpira mbele jumla ya yadi 1,411. Kasi ilipompungua, kocha Bruce Arians akamsogeza ndani kwenye msongamano, mahali pa kupigana vikumbo na mabeki wakubwa ili wenzake wapite. Nyota wengi hawaitaki kazi hiyo. Aliikubali, na kuanzia 2015 hadi 2017, umri umeshapita 30, alidaka mipira zaidi ya 100 kila msimu.

Sasa ile fainali ya ubingwa, Super Bowl, Tampa, tarehe 1 Februari 2009, dhidi ya Pittsburgh Steelers. Kipindi cha kwanza kikielekea ukingoni, Cardinals wako karibu kabisa kufunga, James Harrison wa Steelers akaunyaka mpira wa Warner na kuondoka nao uwanja mzima, yadi 100. Fitzgerald alimfukuza mwanzo hadi mwisho, akatoka nje ya mstari, akagongana na mwenzake aliyesimama pembeni, akaendelea, akamfikia pale pale kwenye mstari wa kufungia. Alichelewa kidogo mno. Baadaye, zimebaki dakika 2 na sekunde 37, Warner akampa mpira katikati, akapasua kati ya mabeki wawili na kwenda yadi 64 hadi eneo la kufungia. Tazama video: anakimbia huku ameinua macho kwenye skrini kubwa ya uwanja, aone nani yuko nyuma yake. Cardinals 23, Steelers 20. Baba yake alikuwa jukwaa la waandishi, kazini, na mwandishi pale hashangilii. Zikabaki sekunde 35, Santonio Holmes wa Steelers akadaka kwenye kona ya eneo la kufungia, vidole vya miguu vikigusa nyasi kwa shida, na Steelers wakashinda 27 kwa 23.

Sikwambii kwamba ubingwa si kitu. Kuukosa kwake kunaniuma mpaka leo. Lakini alimaliza mwaka 2020 akiwa amedaka mipira 1,432 kwa yadi 17,492, zote kwa timu moja, na aliyemzidi kwa yote mawili ni mdakaji wa zamani Jerry Rice peke yake. Halafu kuna hili: mara alizomwangusha mpinzani ni nyingi kuliko mipira iliyomponyoka mikononi. Mdakaji huangusha mtu pale tu mpira unapokuwa umeporwa na adui, kwa hiyo hesabu hiyo inakuonyesha ni mara ngapi alifukuza makosa yasiyo yake, kama alivyomfukuza Harrison. Na alipofunga, hakucheza ngoma. Alimkabidhi mwamuzi mpira na kurudi kwa wenzake.

Ukipata bando la kutosha, tafuta mechi ya mtoano ya Januari 2016 na Green Bay Packers, muda wa nyongeza. Carson Palmer anakaribia kuangushwa, anazunguka, anaurusha upande wa pili ambako Fitzgerald yuko peke yake, naye anakwenda nao yadi 75. Mara tu baada ya hapo anapewa pasi fupi ya mkononi na kumalizia, 26 kwa 20. Waite na wale vijana wako wa timu ya mtaa waione, kisha uniandikie walisema nini.

Nisalimie shemeji na watoto.

Wako daima,
Swahiba wako wa Arizona